Kupiga Picha za Wanyama na Mandhari Katika Hifadhi Zilizojaa Watu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Safari Mwanza

Mkazi wa Mwanza anayependa kupiga picha ana bahati kubwa. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane imo ndani ya jiji lenyewe, lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko umbali wa kilomita 140 hivi kwa barabara ya lami iendayo Musoma, na Kisiwa cha Rubondo kiko katika ziwa hili hili tunaloliona kila siku. Tatizo ni kwamba wengi wetu hupata nafasi ya kusafiri siku za Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Idi na likizo za shule, siku ambazo nusu ya jiji nayo imeamua kusafiri. Hapo ndipo mtu hurudi nyumbani na picha mia tatu za migongo ya magari, na katikati yake doa la rangi ya udongo ambalo lazima awaeleze watu kuwa ni simba.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe na kamera ya lenzi ndefu au simu ya kawaida. Ninachokishikilia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kwamba katika hifadhi iliyojaa watu, saa unayofika, upande unaosimama na muda unaokubali kungoja vina uzito kuliko ukubwa wa lenzi.

Kwanza, chagua mwezi na hifadhi

Nyumbu wa Serengeti, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuzidi milioni moja, huzunguka mwaka mzima wakifuata majani na maji. Kati ya Januari na Machi huwa kusini, kwenye nyanda za majani mafupi kuelekea Ndutu, na wengi huzaa mwezi Februari. Kati ya Julai na Oktoba huwa kaskazini karibu na Mto Mara, na kuanzia Novemba hurejea kusini. Katikati ya mizunguko hiyo, mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, makundi makubwa hupita Ukanda wa Magharibi na kuvuka Mto Grumeti, yaani upande wetu. Mvua zinaweza kuwawahisha au kuwachelewesha, lakini mzazi wa Mwanza ambaye watoto wake wamefunga shule mwezi wa sita hana sababu ya kungoja Desemba.

Desemba nyumbu wako mbali na Ndabaka, na magari mengi hukimbilia Seronera, katikati ya hifadhi. Isitoshe, nyanda za Ndabaka zina udongo mweusi wa mbuga, ule ule ambao wakulima wa pamba wa Magu na Busega wanaujua vizuri: ukikauka ni vumbi na nyufa, ukilowa hunasa gari mpaka kwenye ekseli. Kama ni lazima uende Desemba, usitoke Mwanza kwa gari dogo, na uyape uzito wanyama wanaoishi Ukanda wa Magharibi mwaka mzima: twiga, nyamera, tembo, viboko na mamba wa Grumeti, na mbega weusi kwa weupe katika misitu ya kandokando ya mto. Nyamera aliyesimama juu ya kichuguu akilinda eneo lake ni picha nzuri ambayo magari mengi huipita bila hata kupunguza mwendo.

Rubondo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ni chaguo la anayetaka kukwepa msongamano kabisa. Huko kuna nzohe, swala anayeishi kwenye mafunjo, kuna sokwe ambao mababu zao waliletwa kisiwani miaka ya 1960, na kuna furukombe wengi. Gharama ya boti ni kubwa na msitu una giza, kwa hiyo si mahali pa kujifunzia kamera kwa mara ya kwanza.

Lala Lamadi, uamkie langoni

Ukitoka Mwanza alfajiri utafika Ndabaka jua likiwa tayari limepanda, na utakapomaliza taratibu za lango mwanga mzuri utakuwa umekwisha. Kutoka saa tisa za usiku ili kuwahi sikushauri, kwa sababu barabara ile ina malori, baiskeli zisizo na taa na ng'ombe. Njia bora ni kulala Lamadi, mji mdogo ulio jirani na lango, wenye nyumba za wageni za bei mbalimbali. Kesho yake uwe langoni saa 12 asubuhi linapofunguliwa.

Malango ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokei fedha taslimu. Omba namba ya malipo mapema, lipa kwa benki au kwa simu, na hifadhi risiti mahali ambapo hutaitafuta. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana kuliko cha mgeni na utatakiwa kuthibitisha. Siku za sikukuu foleni ya watu wanaohangaika na malipo ndiyo hula mwanga wa asubuhi kuliko kitu kingine chochote.

Vifaa

Kwa mwenye kamera, lenzi inayofika milimita 300 au 400 inatosha kwa wanyama wengi, na lenzi pana ya kuanzia milimita 24 hivi inatosha kwa mandhari. Stendi ya miguu mitatu haina kazi ndani ya gari. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie kilo mbili za choroko au maharage, uufunge vizuri, kisha uulaze kwenye dirisha au kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa na kuegemeza lenzi juu yake. Kifaa hiki cha bei ya sokoni huondoa mtikisiko kuliko vifaa vingi vya dukani.

Vumbi la Serengeti huingia kila mahali. Funika kamera kwa kanga au kitenge gari linapokwenda, usibadilishe lenzi nje ya mfuko, na beba brashi laini ya kupangusia. Chukua betri ya ziada, memori kadi mbili na pawabanki. Mavazi nayo ni sehemu ya vifaa: Ukanda wa Magharibi una mbung'o, na mbung'o huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Vaa kaki, kijivu au kijani iliyofifia. Mpiga picha anayejipiga vibao shingoni hawezi kutuliza lenzi.

Mwenye simu asijione mnyonge. Asafishe kioo cha kamera kila mara, maana alama ya kidole ndiyo chanzo cha ule ukungu unaotanda kwenye picha nyingi za simu. Asivute picha kwa vidole kupita kiwango cha lenzi halisi ya simu yake, kwa sababu kinachovutwa ni chembe za picha na ubora hupotea. Kama kuna darubini ndani ya gari, aweke kamera ya simu sawasawa kwenye tundu la kutazamia, atulize mikono na apige. Kwa ndege au simba aliyelala, matokeo yake hushangaza. Zaidi ya yote, simu ni hodari kwa mnyama mdogo katika mandhari kubwa: twiga watatu chini ya anga lenye mawingu ni picha ya simu, jicho la chui si picha ya simu.

Panga kamera usiku wa kuamkia safari

Mnyama hatakungoja usome menyu. Kwa mnyama aliyetulia, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde inatosha. Anayetembea au kukimbia anahitaji 1/1000 au zaidi. Ndege anayeruka anahitaji 1/2000. Fungua tundu la lenzi kadiri linavyoruhusu, kisha iachie kamera ichague yenyewe ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga ambao ukizidi huleta chembechembe, na uiwekee ukomo unaouvumilia. Picha yenye chembechembe inaweza kurekebishwa, lakini iliyotikisika haina dawa. Piga kwa umbizo la RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana, kama una nafasi kwenye kadi, na uelekeze fokasi kwenye jicho la mnyama.

Jambo linalowakosesha wengi ni mwangaza. Kamera huona kundi la nyati weusi ikadhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka majani yakageuka meupe. Hapo punguza kiasi cha robo tatu ya hatua (kupunguza hatua moja ni kukata mwanga nusu, kuongeza hatua moja ni kuuzidisha mara mbili). Yangeyange mweupe juu ya maji meusi naye hupoteza manyoya yote yakawa doa jeupe, kwa hiyo punguza pia. Ndege aliye kwenye tawi akiwa na anga jeupe nyuma yake ni kinyume: usipoongeza hatua moja utapata kivuli. Jizoeze haya nyumbani kwa kuku na mbuzi, weusi na weupe, mpaka kidole kijue njia bila kuulizwa.

Patana na dereva kabla ya kuondoka

Gari la watu wengi, liwe Noah, Coaster au Land Cruiser ya kukodi, lina matakwa mengi. Kuna anayetaka kumwona simba tu arudi, kuna mtoto anayetaka choo, na kuna wewe unayetaka kungoja nusu saa kwenye kidimbwi cha viboko. Yasemeni usiku mkiwa Lamadi. Dereva anayeheshimiwa na kuelezwa mapema husaidia sana, kwa hiyo mwambie waziwazi: "Kaka, tukimwona mnyama naomba tusimame mbali kidogo kwanza, uzime injini, halafu tusogee taratibu." Kuzima injini kuna faida mbili: mtikisiko wa gari hautaingia kwenye picha, na mnyama hutulia haraka zaidi.

Mwambie pia kwamba humlipi bakshishi ili avunje sheria. Mwendo wa juu ndani ya Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, kuacha barabara na kukanyaga majani hakuruhusiwi, kushuka kwenye gari kunaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa tu, na droni haziruhusiwi bila kibali maalumu. Dereva akikamatwa ndiye anayeumia, wakati abiria aliyemshawishi amekwisha kurudi nyumbani na picha yake.

Jua la Ndabaka

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa wasafiri wa upande wetu. Barabara ya Ndabaka huelekea mashariki. Asubuhi unapoingia jua liko usoni mwako, na jioni unaporudi jua liko tena usoni mwako. Ukipiga kila unachokiona mbele ya gari, utarudi na wanyama weusi juu ya anga jeupe.

Kuna njia mbili za kulitumia jua hilo. Ya kwanza ni kumpita mnyama taratibu, kusimama mbele yake na kutazama nyuma ulikotoka. Sasa jua liko mgongoni mwako, rangi za manyoya zinajitokeza, na kwenye jicho kunang'aa kile kipande kidogo cha mwanga kinachompa mnyama uhai. Ya pili ni kulikubali jua la mbele kwa makusudi. Kundi la nyumbu au pundamilia linalotimua vumbi mbele ya jua la jioni hupata ukingo wa dhahabu kuzunguka miili yao. Pima mwanga kwenye vumbi badala ya mwili, punguza hatua moja au mbili, na uache miili iwe kivuli. Mbinu hii huficha hata magari yaliyo nyuma, kwa sababu nayo hugeuka vivuli ndani ya vumbi.

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua hupanda wima na upesi. Linachomoza kama saa 12 na nusu hivi, na kufikia saa mbili na nusu mwanga wake umekwisha kuwa mkali. Jioni muda mzuri ni kuanzia saa 11. Kufikia saa nne asubuhi hewa ya moto huanza kucheza juu ya ardhi, na simba aliye mita mia mbili atatoka kama aliyepigwa picha kupitia maji, hata lenzi iwe ya gharama gani. Saa hizo piga kilicho karibu au kilicho kivulini, au kula na kulala. Magari mengi ya sikukuu huanza kumiminika saa tatu na kuondoka saa kumi ili yawahi nyumbani, kwa hiyo anayefuata mwanga huwakwepa watu bila kutafuta.

Penye magari mengi

Seronera ni maarufu kwa chui, na chui hupenda kupumzika kwenye miti mikubwa ya kandokando ya mto, hasa mwegea na mgunga. Chui mmoja akionekana, redio za upepo hulia, na ndani ya robo saa magari ishirini yako chini ya mti mmoja. Ukifika ukakuta hali hiyo, usimwambie dereva ajipenyeze. Simameni nyuma na utazame mambo matatu: mnyama anaelekea wapi, jua liko upande gani, na ni sehemu gani ya nyuma yake isiyo na gari. Mara nyingi kuna pembe ndogo, mbali kidogo, ambako lenzi ya milimita 400 humtenga mnyama na kila kitu. Ukiwa karibu sana chini ya mti unapiga tumbo na matako. Ukirudi nyuma mita arobaini unapata uso.

Mnyama anayetembea hufaidika zaidi na uamuzi huo. Simba wanaoondoka kwenye mzoga huelekea kwenye maji au kivuli. Magari mengi huwafuata kwa nyuma na kupiga mikia. Mwombe dereva azunguke kwa barabara iliyopo, asimame mbali mbele yao, azime injini, na mngoje. Wakija watakuja kwa uso, na wasipokuja mmepoteza dakika ishirini tu.

Kuwangoja watu waondoke ni mbinu nyingine inayodharauliwa. Kundi la magari hukaa kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani, kwa maana kila dereva ana wanyama wengine wa kuwaonyesha abiria wake. Simba aliyelala saa tano atakuwa pale pale saa kumi na moja, atapiga miayo, atajinyoosha na kuinuka. Nenda, urudi. Na kama gari lako ndilo limekaa robo saa katika nafasi nzuri, wapishe wengine.

Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, au simba jike akiinama na kupiga mkia, ameshaongea, rudini nyuma. Duma anastahili uangalifu zaidi kuliko wote, kwa sababu huwinda mchana, saa ambazo magari yapo. Utafiti uliofanyika Maasai Mara nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba duma majike wa maeneo yenye watalii wengi walifanikiwa kukuza kwa wastani chini ya mtoto mmoja, wakati wale wa maeneo tulivu walikuza zaidi ya wawili. Picha yoyote ya duma anayewinda inayohitaji gari kumkata njia haifai kupigwa.

Kwenye vivuko vya mito msongamano huwa wa hatari kabisa. Julai 2025 zilisambaa video kutoka kaskazini mwa Serengeti zikionyesha watu walioshuka kwenye magari na kujaa ukingoni mwa Mto Mara huku nyumbu wakitafuta pa kupita. Nyumbu anayezuiwa hugeuka na kurukia mahali penye mamba au kingo ndefu. Ukiwa Grumeti mwezi Juni, gari lisimame mbali na ukingo mpaka wanyama wa kwanza waingie majini wenyewe. Wakishaanza, hufuatana, nawe unaweza kusogea. Kwa kivuko tumia 1/1000 kwa picha za matone na misuli, kisha jaribu 1/30 ukiizungusha kamera kuwafuata wanyama, ili miili ibaki inasomeka na maji yawe mistari.

Saanane na mandhari ya ziwa

Asiyeweza kwenda Serengeti asidhani hana pa kujifunzia. Saanane iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, nayo hufikiwa kwa boti ya dakika chache kutoka upande wa Capri Point. Siku za sikukuu vijana huja kwa makundi na kila jiwe lina watu wanaojipiga picha. Panda boti ya kwanza, pita haraka upande usioutazama mji, na uanze na viumbe wadogo: pimbi wanaoota jua, kenge, swala, na mijusi ya miambani ambayo dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Mjusi huyo kwa jina la kisayansi ni Agama mwanzae, jina lililotokana na mji wetu. Jishushe mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake na usogee kwa kutambaa, kwa sababu kivuli cha mtu aliyesimama humkimbiza.

Kwa mandhari, kumbuka kwamba mji uko mashariki mwa ghuba. Jua la jioni huangaza miamba na nyumba za vilimani moja kwa moja, hivyo aliye kisiwani au botini saa 11 hupata mji wote kwa rangi ya dhahabu. Aliye ufukweni anayetaka Mwamba wa Bismarck na machweo nyuma yake apige kwa kupunguza mwanga, aache mwamba uwe kivuli, na angoje hata dakika ishirini baada ya jua kuzama, wakati anga hugeuka zambarau na watu wamekwisha kuondoka. Tumia tundu la f/8 hadi f/11, na kwenye ufukwe stendi ya miguu mitatu sasa ina kazi. Usiondoe mitumbwi kwenye fremu kwa kudhani inachafua; dau moja la wavuvi huipa picha kipimo cha ukubwa wa ziwa. Ukiwapiga wavuvi kwa karibu, waamkie na uombe ruhusa kwanza. Botini vaa jaketi okozi, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki mpaka muda wa kupiga, na usishuke chini ya 1/1000, kwani boti hutikisika hata ziwa likionekana limelala.

Kurudi nyumbani

Usifute picha ukiwa njiani, maana kioo kidogo cha kamera hudanganya na barabara ina mashimo. Ukifika, nakili kadi mahali pawili kabla ya kuchagua chochote. Chagua chache. Kumi zinazosimama zenyewe zinatosha kwa ndugu na marafiki, na zilizobaki zitakufundisha ulikosea wapi. Unaporekebisha, nyoosha upeo wa macho, kwa sababu ziwa lililoinama humsumbua kila anayelitazama, na kama umelifuta gari kwenye picha kwa programu ya simu, sema kwamba umelifuta.

Kabla ya kutuma mtandaoni, zima taarifa za mahali zinazobebwa ndani ya faili, hasa kama ulibahatika kumwona faru. Majangili nao wana simu. Andika jina la hifadhi na mwezi, na uache kuandika kilima au mto aliokuwa karibu nao.